Shemasi Anakula?

Kila Jumapili, akishatoka kanisani na kuvua viatu, Loyce Tadlock hukaa jikoni kungoja simu ya binti yake. Renae hupiga kutoka Tulsa. Husalimiana, huulizana habari za magoti na za wajukuu, huambiana kama mvua imenyesha au imepita pembeni, kisha Renae huvuta pumzi na kuuliza lile lililomfanya apige.

"Na Shemasi, Mama? Anakula?"

"Anakula."

"Vizuri?"

"Kama mchungaji kwenye harusi."

Hapo hucheka wote wawili, ila kicheko chenyewe kina mwiba. Shemasi ni fahali. Na siku waliyomzika Hollis, mume wa Loyce, mama na binti walikaa kwenye meza hiyohiyo ya jikoni wakakubaliana: Shemasi akifa, Loyce atauza shamba na kuhamia Tulsa. Kabla ya hapo, asisumbuliwe. Renae alikubali bila ubishi. Amekulia humo, anajua maisha ya fahali wa rodeo, ile michezo ya kuwapanda mafahali, yalivyo, na Shemasi alikuwa keshapita umri ambao wenzake wengi hata hawauoni. Alifikiri ni majira mawili, sana sana matatu. Kumbe dume lile lilikuwa na roho ya paka.

Kwa hiyo kila Jumapili binti anapouliza kama fahali anakula, anachouliza ni kama mama yake anakuja. Na mama anapojibu anakula, anachojibu ni kwamba haji.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye, Mama," Renae humwambia. "Chumba kipo, na kina dirisha."

"Nundu nayo ina lake la kusema," hujibu Loyce, "ila haiulizwi."

Sasa tuzungumze habari za mafahali, maana watu huwaona wakiruka wakadhani ni wanyama wa milele. Sivyo hata kidogo. Fahali wa rodeo hujaribiwa angali kijana, mwenye meno ya maziwa. Akifaa, hupelekwa viwanjani, afungwe kamba laini kiunoni, apandwe na vijana wanaotaka kukaa juu yake sekunde nane, awatupe. Akiwa na bahati hutupa watu miaka minne au mitano. Halafu magoti yanaanza kulalamika. Mwenye thamani hurudishwa malishoni akae na majike. Asiye na thamani, mnajua anakokwenda, na mkate wa nyama mnaula wenyewe. Wa kufikisha miaka kumi na tano ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwa akina Tadlock, katika ardhi ile nyekundu ya kusini-mashariki mwa Oklahoma, Loyce ameona vifo vya kila namna. Mmoja alipigwa na radi chini ya mti wa njugu za pekani, akakutwa bado ana majani mdomoni. Mwingine alivunjika mguu uwanjani, mbele ya watu waliokuwa wanakula mahindi ya kukaanga, wakanyamaza wote. Wa tatu alimeza kipande cha seng'enge, kikatembea polepole mpaka kwenye moyo. Kuna aliyekufa usingizini, na Hollis alimwonea wivu waziwazi. "Mimi nami hivyo," alisema, "tena baada ya kifungua kinywa." Hakujaliwa. Alikwenda kwa saratani, vipande vipande.

Na kila fahali aliyefia pale alizikwa palepale. Lori linalozoa mizoga halikuwahi kuvuka lango la Tadlock. Ilikuwa desturi yao: Hollis humfunga marehemu ile kamba yake ya kiunoni kwa mara ya mwisho, bila kuikaza, na kumwambia maneno aliyomwambia kila alipokuwa kizimbani, kichumba chembamba cha kupandiwa, kabla lango halijafunguliwa: "Haya, ukimaliza urudi nyumbani." Halafu udongo. Majirani walimcheka mpaka wakachoka, wakaanza kuja mazishini na vyungu vya maharage.

Loyce yeye alikuwa dereva. Miaka yote hiyo Hollis akilala kiti cha abiria, kofia usoni, Loyce aliendesha lori na trela la mafahali usiku kucha, kutoka mji hadi mji, Texas, Arkansas, Louisiana, akiongea peke yake ili asisinzie. Jina lake halikuwahi kusomwa kwenye kipaza sauti. Hakulitaka. Alichokipenda ni ule uzito nyuma yake, mafahali wakihama mguu mmoja kwenda mwingine, trela likipumua. Siku hizi anaendesha gari dogo la mizigo, na kiti cha abiria amekijaza magunia ya mashudu. Hataki kukiona kitupu. Huyaambia magunia habari za barabara.

Shemasi alipewa jina hilo kwa sababu ya tabia. Kizimbani alisimama kimya, macho chini, kama mzee wa kanisa anayesubiri kukusanya sadaka. Mpandaji mgeni alijidanganya: huyu mpole. Lango likifunguka, lahaula! Mtu alijikuta juu ya uzio wa kizimba anatafuta kofia. Akishamtupa hakumrudia kumpiga pembe, hapana. Aligeuka, akatafuta njia ya kutokea, akaenda zake. Hollis alimpenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na alilisema hilo mbele ya ndugu hao.

Sisi Waswahili tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Aliyesema hivyo hakufika kwa Loyce. Shemasi na mwenzake Pilipili walisafiri kwenye chumba kimoja cha trela maisha yao yote ya kazi, wakastaafu pamoja, wakapewa malisho ya juu, karibu na nyumba. Walilala mgongo kwa mgongo. Siri yake Hollis alikuwa anaijua, na alimfundisha mkewe: mafahali huchanganywa siku moja, wote kwa pamoja, kwenye uwanja ambao hakuna hata mmoja wao anayeuita wake, mpana, usio na kona za kumbania mwenzake. Hapo hugombana kidogo, hupangana, yakaisha. "Lakini fahali," Hollis alisema, "haingizwi kwa wenyewe. Hata awe nani."

Masika yaliyopita Pilipili alilala kando ya bwawa, hakuinuka. Loyce akamfunga kamba mwenyewe, akasema yale maneno, sauti ikamkauka katikati. Tangu siku hiyo Shemasi akawa hamalizi majani. Alisimama kwenye ua wa chini, shingo ameivusha juu ya seng'enge, akitazama bondeni walikokuwa mafahali vijana, ambao wengi wao ni wanawe. Alikuwa akitoa mlio mmoja mwembamba, haufanani na umbo lake.

Loyce akamwita daktari wa mifugo, dada mmoja mchapakazi aitwaye Kimbrell. Daktari akampanua Shemasi mdomo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Meno, Bi Loyce. Yamekwisha. Anatafuna majani kama mtu anayetafuna kamba. Mloweshee chakula, umpe mashudu na molasi. Baridi hii huenda akaivuka, huenda asiivuke."

"Sio meno. Ni upweke."

Daktari alimtazama, si kwa dharau. "Ng'ombe hupenda wenzao, kweli. Lakini huyu tatizo lake liko mdomoni."

"Wewe umemtazama mdomo. Mimi namtazama kila siku," Loyce akasema, na akamfungashia mkate wa mahindi wa kula njiani, maana hakuwa na ugomvi naye.

Daktari alikuwa amesema kweli. Lakini hebu mtazame na Loyce. Jioni anapika maharage kwenye sufuria ileile kubwa ya zamani, iliyolisha wafanyakazi sita, kwa sababu hajui kupika machache. Anakula amesimama. Televisheni anaiacha iseme tu, ya mpira, ya hali ya hewa, ilimradi sauti ya mtu. Akitazama dirishani anamwona Shemasi uani, naye amesimama, naye anatazama mbali. Utamwambiaje mwanamke huyo kwamba ni meno? Alikuwa na upweke, jamani, upweke wa kuuma kama jino lenyewe, na hakuwa na mtu wa kumwambia. Akauona kwa fahali. Na kwa kuwa wake hakujua dawa yake, aliamua kuutibu ule wa Shemasi.

Ijumaa moja, majani ya pekani yakianza kudondoka, alichukua ndoo ya mashudu akaendesha gari lake mpaka kwenye lango la kwenda bondeni. Jirani yake, Orval Beck, mjane mwenzake, alikuwa anapita na pikapu yake akasimama. Orval hawezi kupita bila kusimama.

"Unakwenda kuanika nguo?" alisema. "Maana fahali wako amekonda, mbavu zile zinatosha nguo za familia."

"Nenda kawatanie wa kwako."

"Wa kwangu hawana meno kabisa, ndiyo maana hawabishi. Unafanya nini, Bi Loyce?"

"Nampeleka kwa wanawe."

Orval alizima gari. "Pale bondeni? Peke yake? Wewe si ndiye mke wa Hollis?"

"Ni malisho yake yale. Alitawala pale kabla hawajazaliwa. Yeye si mgeni."

"Alitawala. Sikiliza neno lenyewe. Ali-ta-wa-la." Orval alivua kofia. "Mtu akishastaafu harudi ofisini kukalia kiti, Loyce. Atamkuta mwenzake. Wachanganye kule shambani kwa Dawson, uwanja ambao wote hawaujui. Nitakusaidia, kesho."

"Kesho ana nini zaidi ya leo? Amekaa peke yake tangu masika. Hata wewe ungetaka..." Hakumaliza.

"Ungeniita," Orval alisema taratibu.

Loyce akajifanya hajasikia, akafungua lango.

Shemasi aliijua njia. Hakuhitaji ndoo. Alishuka kilima masikio mbele, na kwa mara ya kwanza tangu masika akatembea kama mwenye shughuli. Alipofika bondeni akaparura udongo mwekundu, akaurusha mgongoni, akanguruma ule mngurumo wa zamani. Loyce alihisi machozi. Unaona, alijisemea, nilijua mimi.

Vijana wakaja. Mbele yao Sadaka, mwanawe mkubwa, mweusi, shingo nene. Wakamzunguka wanamnusa, na kwa kitambo palikuwa na amani kamili, ungesema ni jamaa wamekutana msibani. Kisha Sadaka akainamisha kichwa.

Shemasi naye akainamisha. Wakagongana mara moja tu. Mzee alirudi nyuma hatua nyingi, miguu ya nyuma ikitetemeka, na papo hapo akajua. Fahali si mpumbavu. Akishindwa hugeuka, hukimbia, na mshindi humwacha aende zake. Hiyo ndiyo adabu yao, na mara nyingi hutosha. Shemasi akageuka. Akakimbilia kona ya mashariki, kwenye lango alilotokea maisha yake yote kila trela lilipokuja kumchukua.

Lango halikuwepo. Hollis alilihamisha mwaka wa mwisho kabla ya ugonjwa, akaiziba kona kwa mabomba ya chuma. Shemasi hakuwa ameshuka bondeni tangu wakati huo. Alifika pale akasimama, pua kwenye bomba, akisubiri mtu amfungulie. Hapo ndipo Sadaka alipomfikia, na nyuma ya Sadaka wengine wote, maana mafahali vijana wakimwona mmoja amebanwa hakuna tena baba wala mwana.

Loyce alikuwa keshaingia kwenye gari. Aliteremka kilima honi ikilia, magunia yakimwangukia mapajani, akapita katikati yao mpaka wakatawanyika. Orval nyuma yake anapiga kelele na kupunga kofia. Lakini kishindo cha mfupa ukivunjika alikisikia ndani ya honi, na hata leo akikusimulia hushika nyonga yake mwenyewe.

Shemasi alikuwa amekaa kama mbwa akaavyo, miguu ya mbele imesimama, ya nyuma imelala upande usiofaa. Alijaribu kuinuka. Akajaribu tena. Halafu akatulia, macho chini, kama alivyokuwa akifanya kizimbani.

"Nyonga," Orval akasema. "Hainuki huyu."

"Najua."

"Nina bunduki garini. Wewe panda nyumbani, Bi Loyce. Weka kahawa. Nitakuita tukizika."

"Hollis hakuwahi kumwachia mtu."

"Hollis hayupo."

"Ndiyo, hayupo," Loyce alisema. "Na lango nimelifungua mimi. Nipe muda nikalete kamba."

Alipanda nyumbani, akaitoa kamba ya Shemasi kwenye msumari wake ghalani, pamba imekuwa laini kama shuka kuukuu. Huko nyuma Orval alisimama na fahali, akatoa simu mfukoni, akapiga mahali akaongea kidogo, mgongo ameugeuzia kilima. Loyce aliporudi, simu imesharudi mfukoni.

Akapiga magoti kwenye udongo. Akaipitisha kamba kiunoni mwa Shemasi, akaifunga bila kuikaza. Alimkuna katikati ya pembe, pale Hollis alipokuwa akimkuna. Fahali akampumulia mkononi, pumzi ya moto yenye harufu ya molasi aliyompa asubuhi.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilidhani mpweke ni wewe."

Kisha akasimama, akachukua bunduki kwa Orval, akasema, "Haya, ukimaliza urudi nyumbani." Sauti safari hii haikukauka. Ilikauka baadaye, bunduki ilipokwisha lia na mlio kurudi kutoka ng'ambo ya bonde. Hapo alikaa chini akalia kwa sauti kama ambavyo hakuwahi kumlilia Hollis, na Orval, mtu wa maneno mengi, alisimama kando yake, kofia mkononi.

Walimzika jioni hiyohiyo kando ya Pilipili, Orval akichimba kwa trekta lake lenye mkono. Alitaka kukaa anywe naye kahawa. Loyce alimshukuru akamwambia aende akale. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alilala naye kitanda kimoja.

Kesho yake alichukua ndoo akateremka kuwalisha mafahali wa bondeni. Angefanyaje? Wote wakaja, Sadaka mbele, mdomo wazi, hana habari ya lolote. Loyce alimtazama muda mrefu akitafuta hasira, asiipate. Akamtilia mashudu. Akarudi kilimani, akapita kwenye ua wa juu, na kwa mazoea akageuza kichwa kumtazama aliyesimama pale. Majani ya jana yalikuwa bado horini, yameloweshwa.

Jumapili alikwenda kanisani, akakaa nyuma. Hakusikia mahubiri. Alikuwa anapanga maneno: Renae, mwanangu, Shemasi ametutoka. Nimemuua mimi kwa ujinga wangu. Ahadi ni ahadi. Nambie nije lini. Aliyarudia njia nzima kwa yale magunia. Alijiona kwenye chumba chenye dirisha, katika nyumba ambayo kila kiti kina mwenyewe, akitafuta mlango mahali ambapo hakuna mlango. Lakini aliahidi, na Loyce si mtu wa kuvunja ahadi.

Simu ikalia hata viatu havijatoka.

Wakasalimiana. Magoti hayajambo. Wajukuu hawajambo. Mvua imepita pembeni. Renae akavuta pumzi, tena ndefu kuliko ya siku zote.

"Na Shemasi, Mama? Anakula?"

Maneno yote yalikuwa tayari, yamepangwa mstari. Loyce akafungua mdomo. Dirishani ua wa juu ulikuwa mtupu, na upepo unachezea majani horini.

"Anakula," akasema.

Saa ya ukutani ikaenda. Loyce alifumba macho, uso umemwaka kwa aibu, maana katika umri wake wote hakuwahi kumwongopea mtoto huyu.

"Mama," Renae alisema, sauti ya mtu aliyetoka kulia au anayekwenda kulia. "Orval alinipigia Ijumaa."

Loyce alishika ukingo wa meza. Akasikia binti yake akipenga kamasi kule Tulsa, akasikia mlango ukifungwa ili watoto wasisikie. Alingoja hukumu: tarehe, lori la vyombo, bango la kuuza langoni.

Renae akakohoa, akasafisha koo. Akauliza, kwa sauti ileile ya Jumapili zote:

"Anakula vizuri?"

Loyce alikaa na lile swali mpaka akalielewa. Kisha akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

"Kama mchungaji kwenye harusi," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Walikaa hivyohivyo simuni, mmoja jikoni kwake, mwingine chumbani kwake, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.